Jina Lililoitwa kwa Fazi

"Kwa nini hiki kisanduku kinakaa ndani ya mtungi wa maji?"

Niliuliza hivyo Ijumaa jioni, jua likizama nyuma ya vilima vya Kilungu. Hakuna aliyenijibu.

Nilikuwa nimetumwa sufuria tu. Kesho yake tulikuwa na ibada ya ukumbusho wa Babu, mwaka mmoja tangu tumzike, na Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, alitaka zile sufuria mbili kubwa zilizobaki katika nyumba ya marehemu. Nyumba ilikuwa imefungwa mwaka mzima. Nilipofungua mlango nilipokelewa na harufu ya udongo uliolowa, na mvua hatukuwa tumeiona tangu Mei.

Mtungi ulikuwa kwenye kona. Ulikuwa umejaa maji hadi shingoni.

Shingo hiyo ilikuwa imefungwa kamba ya katani iliyoshuka majini. Nikaivuta. Ukatoka mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko kitambaa cha maua, ndani ya kitambaa kisanduku cha chuma, rangi ya majivu, chenye vitufe viwili vya kuzungusha na kimoja cha kukanyaga.

Kilikuwa baridi kuliko maji yenyewe.

Nikakipeleka jikoni. Susu alikuwa anachagua ndengu pamoja na Katunge, mke wa kaka yangu, ambaye tumbo lake la miezi saba lilimfanya akae miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Kaka yangu Mwau akaingia nyuma yangu, akakiona mkononi mwangu, akapiga kelele kama amekutana na mtu aliyemdhani amekufa.

"Wee! Mutindi! Unajua umeshika nini? Hiyo ni fazi, sistee! Ya zamani ile mbaya! Wazungu wanatafuta hiyo kitu kama dhahabu!"

Fazi ni kidude cha mpiga gitaa. Unachomeka gitaa upande mmoja, spika upande wa pili, unakanyaga kitufe, na sauti safi ya nyuzi inageuka mngurumo, kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Babu alikitumia kupiga benga, ule muziki wetu wa gitaa, miaka ya sabini. Alipewa Nairobi na mwanamuziki mmoja wa hoteli, Mzungu aliyeondoka nchini haraka bila kuaga mtu. Hadithi hiyo tuliijua. Mtungi hatukuujua.

Mimi nasoma sheria, mwaka wa tatu, na kwenye mdahalo wa kampasi ninajulikana kwa jambo moja: swali likikwepwa, ninalirudia. Nikalirudia.

"Susu. Kwa nini kiko kwa maji?"

Ndengu zikaendelea kuanguka kwenye sinia. Ta... ta... ta...

"Susu?"

"Katunge," Susu akasema, "chumvi iko?"

Nimelelewa katika nyumba ambayo swali la msichana ni kama kikohozi. Watu wanasubiri kiishe. Lakini Mwau alinipa jibu lake bila kuombwa. "Ni joto. Hizi zenye transista za germaniamu zikipata joto zinapoteza sauti. Na unajua jua la huku chini. Babu alikuwa anaipoza tu. Mzee alikuwa fundi!"

Nikaridhika. Maelezo yakija na sayansi kidogo huwa nayameza bila kutafuna. Huo ni udhaifu wangu, na jioni ile nilikuwa nao wote.

Susu alinyanyuka, akakichukua kisanduku kwa ncha za vidole, akakifunika tena kwa kitambaa.

"Rudisha," alimnong'oneza Mwau, akimpa.

Mwau akacheka, akamkumbatia, akambusu kipajini. Alikuwa mjukuu aliyebeba jina la mume wake. Kwa Susu alikuwa mjukuu na mume kwa pamoja, na hakuna alichomnyima maisha yake yote.

Hakukirudisha.

*

Jumamosi ilikuwa na jua kali, watu mia mbili, mahema mawili ya kukodi, mchungaji mwenye sauti kubwa kuliko maikrofoni yake. Nasema hivi ili ujue kwamba hapakuwa na giza. Watu wakisimulia mambo haya hupenda kuweka giza, ili ukishangaa waseme hukuona vizuri. Mimi niliona vizuri. Ilikuwa saa nane na dakika kumi mchana.

Mwau alikuwa mpiga gitaa wa kanisa pale Nunguni, na baada ya maombi alisimama mbele na gitaa la Babu. Kisanduku kilikuwa chini, karibu na kiatu chake.

Lazima nieleze jambo moja la muziki wetu. Bendi za benga za Ukambani zina desturi ya kumwita mtu. Si kwa mdomo peke yake. Mpiga solo anachukua jina lako, anafuata kupanda na kushuka kwake jinsi linavyotamkwa, na analipiga kwa nyuzi mpaka wewe uliyeketi kule nyuma unasikia kabisa kwamba gitaa linakuita. Ni heshima. Watu walikuwa wakisafiri kutoka Kitui kuja kuitwa na gitaa la Babu.

"Leo," Mwau akasema kwenye maikrofoni, "gitaa lake litamwita yeye mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Shangazi mmoja akapiga vigelegele.

Nikamwona Susu akisimama kutoka kwenye kiti cha plastiki. Mkono mmoja umeinuliwa. Mdomo wazi.

Mwau akakanyaga kitufe.

Sijui nikuambieje ile sauti. Ilitoka kwenye spika ikiwa na uzito, niliisikia kwenye meno. Ikaita jina la Babu mara ya kwanza: *Mwau wa Kilungu*. Sufuria za jikoni zikalia. Ikaita mara ya pili. Mbwa wa jirani wakanyamaza wote kwa pamoja. Ikaita mara ya tatu, na kaka yangu akafumba macho kwa raha, akaacha uzi wa mwisho ukalia hadi ukafa wenyewe.

Kimya. Kisha spika ikaanza... shhhhh...

Harufu ya udongo uliolowa ikanijia puani, katikati ya jua.

Halafu mtu akaongea ndani ya spika.

Kwa Kikamba. Taratibu, kama wanavyosoma redioni jioni. Watu wa mbele wakacheka. "Fazi imeshika stesheni!" mmoja akasema, na kweli vidude hivi hushika redio, hata mimi nilijua. Wengi walikuwa tayari wanaelekea kwenye foleni ya chakula. Sisi tuliobaki karibu na spika tulikuwa watatu: Katunge, Susu na mimi.

"...tunasikitika kutangaza kifo cha ghafla cha Mwau wa Kilungu. Alikuwa mume wa Katunge. Alikuwa mjukuu wa Ndunge..."

Ndunge ni Susu.

"...alikuwa kaka wa Mutindi wa yunivasiti. Mazishi ni Alhamisi ijayo, nyumbani kwake..."

Mwau akachomoa waya. "Pole wazee! Stesheni hizi!" Akacheka kwenye maikrofoni. Yeye alikuwa nyuma ya spika. Hakusikia hata neno.

Katunge alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

*

Nilifanya nilichofundishwa kufanya. Nilitafuta ushahidi. Nilipigia simu stesheni inayosoma matangazo ya vifo kwa Kikamba. Msichana aliyepokea alinijibu kwa adabu kwamba matangazo hayo hutoka saa kumi na mbili na nusu jioni, kamwe si mchana, na hilo tangazo hawakuwa nalo.

Nikamfuata Susu jikoni.

"Ulijua."

"Punguza sauti."

"Susu, ulijua! Nilikuuliza mara mbili!"

"Uliuliza kikiwa hapo," akanong'ona. "Ningekujibu kikisikia?"

Nikafunga mlango wa jikoni.

Akanieleza kidogo, kwa vipande, huku akiangalia mlango. Kila Jumapili kwa mwaka mzima alikuwa akienda peke yake, kwa siri, kuujaza mtungi. Babu alimwagiza hivyo kabla ya kufa, bila kusema sababu. Babu mwenyewe hakuwahi tena kumwita mtu kwa fazi tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Zaidi ya hapo hakujua. Aliyejua alikuwa mmoja, mzee Musyoka, mpiga besi wa bendi, na alikuwa bado hai kule Mutomo, upande wa Kitui. Tulimwalika kwenye ukumbusho. Alituma ujumbe kwamba haji, na kwamba gitaa la Babu lisipigwe.

"Nani alipokea ujumbe huo?"

Susu akatazama mikono yake. "Nilidhani ni wivu wa wazee."

*

Jumatatu nilimwambia Mwau asishike gitaa mpaka nirudi.

"Sasa nile nini, upepo? Leo tuko na mazoezi ya kwaya."

"Siku moja tu, Mwau. Nakuomba."

"Loya mzima anaogopa redio!" Akanivuta sikio kama tulipokuwa watoto. "Sawa, mheshimiwa. Sishiki."

Nikateremka hadi Salama na kisanduku ndani ya begi, kimefungwa kwa kitambaa kilicholowa, nikapita Kibwezi, na saa tano nilikuwa Mutomo. Jua la huko halikuangazi, linakukalia. Nilimuuliza njia mwenye duka moja la vyakula, Muktar, Msomali wa makamo mwenye ndevu zilizopakwa hina. Hakunionyesha tu. Alifunga duka, akanitembeza mpaka langoni kwa mzee, na akaniachia soda baridi aliyokataa kulipwa.

"Msichana wa watu usitembee na kiu," alisema. "Mzee ni rafiki yangu. Mwambie Muktar atakuja kucheza bao jioni."

Mzee Musyoka alikuwa amekaa chini ya paa la mabati, miguu mitupu, besi kuukuu isiyo na nyuzi ikining'inia ukutani.

"Wakya," akanisalimu kizee.

"Aa," nikaitika.

Akatazama begi. Hakuuliza mimi ni nani.

"Kimeita nani?"

"Kaka yangu. Anaitwa Mwau."

Akafumba macho. "Nani mjinga alimwita mtoto?"

"Hakuna aliyemwita mtoto! Walikuwa wanamheshimu Babu. Kwa ukumbusho."

"Mwiitu," mzee akasema polepole, yaani msichana, "mtu aliyekufa hawezi kufa tena. Ukiliita jina lake, kile kitu kitafanya nini? Kitatafuta mwenye jina aliye hai. Na nyinyi mlimweka mbele kabisa, na gitaa mkononi."

Soda ilikuwa inatoka jasho mkononi mwangu.

Akanihadithia. Wa kwanza alikuwa tajiri mmoja wa ng'ombe, Munyao, aliyelipa aitwe kwa sauti hiyo mpya. Baada ya siku nne walimzika. Hawakushtuka, watu hufa. Wa pili walijiuliza. Baada ya wa tatu wateja walibadilika. Walianza kuja jioni, mmoja mmoja, bila kutaka kuitwa wao. Walitaka jirani aitwe. Kaka aitwe. Mke mwenza aitwe.

"Na Babu alikubali?"

"Mimi nilikuwa besi," mzee akasema. "Besi haichagui wimbo."

"Hilo si jibu!"

"Alikubali."

Nilitaka kusimama niondoke. Huyu mtu tulimwekea msalaba wa marumaru. Tulimlia pilau Jumamosi.

"Ni nini ndani yake? Ni majini? Ni aimu?" Aimu ni roho za watu wetu waliokufa.

"Sijui. Yule Mzungu pia hakujua. Alisema tu kwamba kwao alikuwa na bendi ya watu watano, na aliyebaki ni yeye."

Kisha akaniambia kuhusu Ndila. Alikuwa mwanamke mwenye baa pale Nunguni. Mtu alikuja na chuki yake, Babu akamwita kwa fazi. Ndila wa Nunguni hakuumwa hata kichwa. Aliishi hadi juzijuzi, mnene, akicheka. Lakini Babu alikuwa na binti, kifungua mimba, miaka sita. Siku hiyo alikuwa amelala juu ya koti la baba yake, nyuma ya spika.

Binti huyo aliitwa Ndila.

Sikuwahi kusikia kwamba nilikuwa na shangazi aliyeitwa Ndila. Miaka ishirini na mbili, mikutano yote ya familia, maombi yote... hakuna aliyelitaja jina lake.

"Hakijui nia," mzee akasema. "Kinajua jina tu, na kinachukua yeyote aliyelibeba."

"Mbona hamkukivunja?"

"Tulikivunja. Mara mbili. Fungua uone."

Nikafungua skrubu kwa ncha ya funguo. Ndani, vipande vyote vilikuwa vimelehemiwa upya, risasi juu ya risasi, kama mfupa uliovunjika ukaungwa vibaya. Niliutambua mkono wa Babu.

"Kikivunjika hakinyamazi," mzee akasema. "Na huna tena kitufe cha kukizima. Tulikaa nacho siku tisa kikisoma majina kutoka kwenye debe. Babu yako akakitengeneza ili aweze kukizima. Halafu akagundua kwamba baridi hukilaza."

Ile sayansi niliyomeza Ijumaa ikanirudia kooni.

"Nipe njia," nikasema. "Lazima kuna njia. Mganga, mchungaji, mbuzi, chochote."

"Iko moja. Uite mwingine kabla wa kwanza hajaenda. Kinachukua mmoja kwa wakati, kinaanza na wa mwisho kuitwa, na wa kwanza kinamwacha. Tuliiona mara moja."

"Basi nitajiita mimi."

Alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. "Mko Mutindi wangapi kwenu?"

Binamu yangu Mutindi ana miaka minne. Anaishi hatua thelathini kutoka kwa spika.

"Mimi nimechoka," mzee akaendelea. "Nina miaka themanini na moja. Ningekuambia niite mimi leo. Lakini nina wajukuu watatu wanaoitwa Musyoka, na mmoja yuko shuleni hapo ng'ambo ya barabara. Unaelewa sasa? Kila mzee Ukambani kuna mtoto aliyebeba jina lake. Tunalipokea jina, tunalirudisha duniani. Ni neema yetu. Kile kitu kiliikuta hiyo neema, kikaifanya mtego."

Mabati yakalia kwa joto... tik... tik...

"Unahitaji jina lenye mtu mmoja tu," akasema kwa sauti ya chini sana.

Hakuelekeza kidole. Aligeuza macho tu, kupita lango, kuvuka barabara, mpaka kwenye duka la vyakula lililokuwa limefunguliwa tena.

"Huku Mutomo," mzee Musyoka akanong'ona, "Muktar ni mmoja."

Nataka useme ungefanya nini. Hapana, usiseme. Wote husema vizuri.

Mimi nilifikiria. Sitakudanganya. Nilimfikiria Mwau akinivuta sikio, nikalifikiria tumbo la Katunge, na kwa muda wa mafunda mawili ya soda niliyopewa na mtu huyo nilianza kupima jina lake kichwani, linapanda wapi, linashuka wapi. Mzee alikuwa na betri. Alikuwa na nyuzi ndani ya kopo. Angeweza kunipigia.

Kisha hasira ikanipanda.

"Ni rafiki yako!" nilipiga kelele. "Anakuja kucheza bao na wewe leo jioni! Ana mama kwao, ana jina alilopewa na watu wanaomngoja! Kwa hivyo mtu akiwa peke yake katikati yenu, ndiye wa kuchinjwa? Hiyo si njia. Hayo ni mauaji, na nyinyi mmeyaita muziki miaka hamsini!"

Niliongea kama dakika tano. Nilikuwa vizuri. Ningekuwa kampasi wangenisimamia na kupiga makofi.

Mzee alisubiri nimalize.

"Umesema kweli yote," akasema. "Basi umechagua."

*

Simu ya Katunge ilinipata Kibwezi, saa kumi na dakika chache. Alikuwa anapumua tu, na nyuma yake wanawake walikuwa wanalia.

Mazoezi ya kwaya. Mpiga gitaa aliyetakiwa kumshikia nafasi hakufika, wakamwomba Mwau wimbo mmoja tu, si rahisi kukataa kanisani. Alikuwa na gitaa lake mwenyewe. Fazi ilikuwa kwangu, kilomita nyingi mbali, ndani ya kitambaa kilicholowa. Aliposogeza mdomo kwenye maikrofoni umeme ukampita. Fundi alisema waya wa ardhini haukuwa umeunganishwa. Daktari alisema moyo. Wote wawili wana vyeti, na sikubishana nao.

Kitambaa begini kilikuwa kimekauka. Kisanduku kilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi.

Sisi wa nyumba ile tulimzika tukiwa na akili nusu. Lakini nusu yangu bado ilikuwa inashindana. Jumanne wazee walinipa kazi ya kuandika tangazo la redio kwa sababu mimi ndiye msomi. Nikaamua: sitakipa hata neno. Niliandika mazishi ni Ijumaa, nikakubaliana na wazee, na mchungaji, na wachimba kaburi. Nikaondoa jina langu kabisa. Nikalisoma mara nne. Nikalipiga picha kwa simu, nikaituma stesheni.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tumekaa uani, redio juu ya kiti.

"...alikuwa kaka wa Mutindi wa yunivasiti," msomaji akasema, taratibu. "Mazishi ni Alhamisi ijayo, nyumbani kwake..."

Wazee wakanigeukia. Nikatoa simu niwaonyeshe picha.

Ulikuwa mwandiko wangu.

*Alhamisi.*

Watu walikuwa wameshasikia. Wengine walikuwa wameshapanda magari kutoka Mombasa. Tulimzika Alhamisi.

Siku hiyo, watu walipoenda kaburini, nilirudi nyumba ya Babu. Kisanduku nilikuwa nimekishusha majini mimi mwenyewe Jumatatu usiku, nikafunga kamba mara tatu. Mtungi ulikuwa mkavu. Kamba ilikuwepo, mfuko ulikuwepo, kitambaa cha maua kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya kifuniko. Labda ni mwizi. Wapiga muziki wengi walikuja mazishini, na Mwau alikuwa amewaambia wote kina thamani gani. Napenda sana kuamini kwamba ni mwizi.

Sasa kuna wimbo. Wenzake wa kwaya walimtungia, wa kumkumbuka, na bendi za harusi zimeuchukua, kuanzia Nunguni mpaka Malili barabarani. Ni mzuri, siwezi kusema vingine. Katikati waimbaji wananyamaza na gitaa linaita peke yake: *Mwau wa Kilungu*. Mara tatu. Mwezi jana nilisikia bendi moja ikiupiga, na gitaa lilikuwa na ule mngurumo. Nikamfuata mpiga solo nyuma ya jukwaa.

"Hiyo sauti unaitoa wapi?"

"Simu tu, madam. Kuna programu." Akaniangalia. "Mbona unalia?"

Hakuwa na shida kunionyesha simu. Programu ilikuwepo. Chini ya kiti chake kulikuwa na begi, na begi hakunifungulia.

Katunge alijifungua wiki sita baada ya mazishi. Mvulana. Ukoo ulikaa, na mimi nikasimama mbele yao nikatoa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa, nikataja Ndila, nikataja mtungi, nikataja Mutomo. Walinisikiliza kwa heshima. Mjomba mmoja akasema masomo mengi yamenichosha. Susu alilia, lakini hata yeye... jina lilikuwa limezikwa mara mbili kwa mwaka mmoja, na mikono yake ilikuwa inalitaka. Walipiga kura bila kuinua mikono. Walianza tu kumwita Mwau.

Mimi na Katunge tunamwita Nyamai. Tuko wawili tu. Watu wengine wote wanaoingia pale mlangoni na sabuni na unga wanamwinamia mtoto, wanacheka, wanalisema lile jina la baba yake kwa sauti kubwa, na barabarani kila Jumamosi kuna harusi, na kila harusi ina spika.

Ukija kumwona, tafadhali, mwite Nyamai.